Diski Zipo, Mpangilio Umepotea

Anayeleta seva ya zamani kwa fundi huanza na swali moja: diski ipi imekufa? Hana kosa. Diski ndiyo inayozunguka, ndiyo inayopata moto, ndiyo inayolia kabla ya kunyamaza. Ila kwa mashine za miaka ya 1990, zile zilizounganisha diski nne, tano au kumi zikaonekana kama diski moja kubwa, jibu la swali hilo halifiki mbali. Unaweza kuzikuta diski zote nzima, zinasomeka kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho, na bado usiambulie hata barua moja ya karani. Kinachokosekana ni mpangilio: data zilianzia diski ipi, zikahamia ipi, kwa vipande vya ukubwa gani. Na mara nyingi mpangilio huo haukuandikwa kwenye diski hata moja.

Chanzo cha yote ni bei. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa makala iliyotetea wingi dhidi ya ukubwa. Kwa nini ununue diski moja ya bei mbaya kama IBM 3380, iliyobeba MB 7,500, wakati kuna diski ndogo za kompyuta za mezani kama CP3100 ya Conner, yenye MB 100, unazoweza kuzifunga pamoja kwa wingi? Uzuri ni kwamba walipiga pia hesabu ya vifo. Diski moja ndogo ilikadiriwa kudumu kwa wastani wa saa 30,000. Ukiwa nazo 100, na data zinazitegemea zote, utakaa kwa wastani saa 300 tu kabla ya moja kufa. Hizo hazifiki hata wiki mbili. Ndiyo maana hawakuishia kwenye wingi. Walidai pia diski za ziada za kubeba habari za kuokolea nyingine. Mfumo huo wakauita RAID, na jina limedumu hadi leo. Wazo lenyewe lilikuwa limeshazunguka miaka kadhaa: Norman Ken Ouchi wa IBM alipewa hataza mwaka 1978 ya njia ya kurudisha data za kifaa kilichokufa kwa kutumia vilivyobaki.

Habari hizo za kuokolea huitwa pariti, na inafaa tuzione kwa macho, kwa sababu kazi yote inayofuata imejengwa juu yake. Chukua neno BAO. Herufi B iko diski ya kwanza, A diski ya pili, O diski ya tatu. Ndani ya diski kila herufi ni biti nane:

B  01000010
A  01000001
O  01001111

Diski ya nne inapewa pariti. Shuka na tarakimu kutoka juu kwenda chini, nafasi moja baada ya nyingine. Ukikuta idadi ya 1 ni witiri, andika 1. Ikiwa ni shufwa, andika 0. Jibu ni 01001100, ambayo kwa bahati ni herufi L. Sasa ivunje diski ya pili. Umebaki na B, O na L. Rudia hesabu ileile, kwa kanuni ileile, nafasi kwa nafasi: unapata 01000001. Ni A, imerudi kamili. Mafundi huiita hesabu hii XOR. Haina makadirio wala bahati nasibu. Haijali kama kilichopotea ni herufi, picha ya eksirei au mshahara wa mwezi, na haijali ni diski ipi kati ya nne iliyopotea, mradi ni moja.

Katika mtindo uliopendwa kuliko yote kwenye seva za ofisi, RAID 5, data hukatwa vipande vya ukubwa sawa, tuseme KB 64. Kipande cha kwanza kinaenda diski moja, cha pili diski nyingine, hadi mstari ujae, na diski iliyobaki inabeba pariti ya mstari huo. Mstari unaofuata pariti inahamia diski nyingine, ili kazi ya kuiandika isielemee diski moja. Ni kitabu kilichochanwa kurasa, kurasa zikagawiwa ndugu watano bila namba, na kila ndugu akachomekewa kurasa chache ambazo si za hadithi.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Diski tano zinaweza kupangwa kwa njia 120. Pariti ina mitindo minne ya kawaida ya kuzunguka. Vipande vinaweza kuwa na KB 4, 8, 16 na kuendelea hadi 512, yaani saizi nane. Zidisha: mipangilio 3,840, na bado hujauliza data zinaanzia umbali gani kutoka mwanzo wa diski. Mpangilio mmoja tu ndio sahihi. Mingine yote itakupa fujo, na baadhi yake, kama nitakavyoeleza mbele, itakupa fujo inayofanana na ukweli.

Ramani ya mpangilio huo ilikaa wapi? Inategemea nani aliyeijenga safu, yaani kundi la diski zilizounganishwa. Kadi nyingi za kontrola za wakati ule ziliihifadhi kwenye memori ya kadi yenyewe, memori inayoishi kwa betri ndogo. Seva ikikaa stoo miaka kumi na mitano betri inakwisha, kadi inaamka haikumbuki lolote, na inakuuliza kwa upole kama ungependa kuanzisha safu mpya. Ukikubali, umejimaliza. Windows NT 4.0, iliyotoka mwaka 1996, iliweza kujenga safu bila kadi yoyote, lakini iliandika ramani kwenye rejista ya mfumo. Diski yenye mfumo ikiharibika, zile nyingine zilizobeba data haziwezi kujieleza. Windows 2000 ndiyo iliyokuja kuhamishia habari hizo mwishoni mwa kila diski.

Linux ilikuwa na adabu zaidi. Safu zake za zamani ziliacha kwenye kila diski, karibu kabisa na mwisho, kitambulisho kinachotaja diski hiyo ni ya ngapi, wenzake ni wangapi na kipande kina ukubwa gani. Ukisoma baiti za mwisho wa diski ukaona fc 4e 2b a9, pumua: hiyo ndiyo alama ya kitambulisho chenyewe. Ukiona a9 2b 4e fc pia usihofu. Ni alama ileile iliyoandikwa na mashine inayopanga baiti kinyume, kwa mfano Sun ya SPARC, na programu ya mdadm ina amri ya kuigeuza.

Lakini hesabu isubiri kwanza. Kuna umeme.

Kosa linaloua data nyingi kuliko uzee ni kuiwasha mashine ili kuona kama bado inafanya kazi. Seva nyingi za Marekani zina swichi ndogo nyuma ya pawasaplai ya kuchagua volti 115 au 230. Aliyeikuta kwenye 115 akaichomeka kwenye soketi zetu atasikia mlio mmoja tu. Hata volti zikiwa sawa, kapasita zilizokaa bila umeme miaka ishirini huvuja au kupasuka, na pawasaplai inayokufa inaweza kupeleka volti zisizofaa kwenye diski zote kwa mpigo mmoja. Hiyo ni ajali ambayo RAID haikubuniwa kuizuia. Mashine iliyokaa karibu na bahari, Mombasa au Tanga, ina mtihani wake wa nyongeza: pini za kebo huota kutu ya kijani, na mgusano mbaya unafanya diski nzima ionekane mbovu.

Tuseme basi imewaka. Hatari haijaisha. Kuna kontrola ambazo zikiona diski iliyowahi kujitoa imerudi, huanza kuijenga upya bila kumuuliza mtu, zikiandika juu ya kile ulichokuja kukitafuta. Kwa hiyo kanuni ya kazi hii ni kwamba mashine ya zamani haiwashwi na diski zake ndani. Piga picha ya mbele na ya nyuma. Bandika stika kwenye kila diski ukitaja ilitoka nafasi ya ngapi, na uandike jampa zake zilivyokaa. Kontrola nyingi ziliitambua kila diski kwa nafasi iliyokaa, na mpangilio wa nafasi ni dokezo la kwanza la ramani. Mtu akizitoa zote tano akazirundika mezani bila alama, amekukabidhi zile njia 120.

Diski zenyewe nyingi ni za SCSI, hutamkwa skazi. Kebo moja hubeba vifaa vinane, namba 0 hadi 7, na 7 kwa kawaida ni ya kadi. Zile pana hubeba 16. Kila mwisho wa kebo lazima kuwe na tamineta, la sivyo mawimbi yanagonga mwisho na kurudi, na diski nzima inaonekana kama kichaa. Kuna plagi za pini 50, za pini 68 na za pini 80, na adapta za kuzivusha zinapatikana. Jihadhari na kitu kimoja: baadhi ya seva za bei kubwa zilitumia aina ya SCSI yenye volti ya juu, HVD, ambayo plagi yake inaingia vizuri kabisa kwenye kadi ya kawaida na inaweza kuichoma. Alama iko kwenye lebo ya diski. Soma lebo.

Kisha kuna diski zinazokataa kuzunguka. Zile za zamani huegesha vichwa vya kusomea juu ya sahani yenyewe, kwenye ukanda wa ndani usio na data. Baada ya miaka mingi vichwa vinashikana na uso ule laini, mota inaguna kidogo na kunyamaza. Vijana hupiga diski kwa nyuma ya bisibisi. Tafadhali. Kichwa kinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo mamia ya mara kuliko unene wa unywele, na kipigo kinaweza kuchubua uso ambao data zimelala. Kinachosaidia ni kuishika diski bapa na kuizungusha ghafla kwa kifundo cha mkono, ili sahani ibaki nyuma na kichwa kiachie. Zipo pia diski ambazo mpira mdogo wa kuzuia mkono wa vichwa umeyeyuka ukawa gundi. Hizo hazifunguki kwa kuzungusha. Zinafunguliwa kwenye chumba cha hewa safi, na mtu wa chumba hicho analipwa.

Diski ikishazunguka, lengo ni moja: kuinakili yote, sekta kwa sekta, kwenye faili, bila kujali kilichomo, kisha kuiweka kando. Programu ninayoiamini kwa kazi hii ni GNU ddrescue, ya bure, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Busara yake iko kwenye mpangilio wa kazi. Inapita kwanza haraka ikichukua sehemu zinazosomeka kwa urahisi, na ikigonga ubovu inaruka mbele badala ya kung'ang'ana. Baada ya kuvuna vilivyo vizuri ndipo inarudi kwenye kingo za maeneo mabovu, kisha inakwangua sekta moja moja. Muda wote inaandika daftari la sekta zilizopatikana na ambazo bado, hivyo umeme ukikatika unaendelea ulipoachia. Diski dhaifu huenda ina saa chache za kuishi. Haifai kuzitumia zote kwenye sekta moja iliyokufa.

Kuna diski zitakazokataa hata hapo, na si kwa ubovu. Sekta ya kawaida ina baiti 512. Mashine za AS/400 za IBM, na makabati kadhaa makubwa ya kuhifadhia data, zilitumia sekta za baiti 520, nane zikiwa za ziada. Adapta ya kawaida ya USB inaiona diski ya namna hiyo na kutangaza ukubwa wake kuwa sifuri. Inahitajika kadi halisi ya SCSI na programu inayozungumza na diski moja kwa moja, kisha baiti nane zinakatwa kutoka kila sekta baada ya kunakili. Kabla ya kunakili usizikate, huenda ukazihitaji.

Ukubwa hausumbui. Diski ya GB 4.3, iliyokuwa fahari ya seva mwaka 1997, inasomwa kwa dakika kama kumi na tano ikiwa na afya. Safu nzima ya diski sita inaingia kwenye flashi ya kuning'iniza kwenye funguo.

Hapa nataka kutaja jambo ambalo wenye data huwa hawaliamini. Watu wanahesabu diski: moja mbovu, tutapona, mbili mbovu, tumekwisha. Hesabu hiyo ni ya kontrola, ambayo ikiona makosa kadhaa huitupa diski nzima nje. Pariti yenyewe haijui diski, inajua nafasi. Diski ya GB 4.3 ina sekta zaidi ya milioni 8. Tuseme diski mbili kati ya tano zina sekta mbovu 200 kila moja, zimetawanyika ovyo. Ili data zipotee kweli, sekta mbovu ya diski moja ianguke nafasi ileile ya sekta mbovu ya nyingine. Uwezekano wa hilo kutokea hata mara moja ni kama moja kwa mia mbili. Kwa kweli ubovu hupenda kukaa kwa makundi, kwa hiyo namba hiyo si ahadi, lakini inaonyesha upande ulipo ukweli. Safu yenye diski tano, zote tano zikiwa na makovu, inaweza kurudi nzima. Ndiyo sababu hata diski mbaya kuliko zote hainakiliwi nusu wala haiachwi.

Sasa kifo cha kawaida cha RAID 5. Diski ya kwanza hujitoa, tuseme Machi. Taa inageuka rangi ya machungwa kwenye chumba ambacho hakuna anayeingia. Safu inaendelea kufanya kazi kwa kuhesabu kilichopotea kila kinapohitajika, watumiaji hawaoni tofauti zaidi ya uzito kidogo. Novemba inajitoa ya pili, na ofisi nzima inasimama. Miaka ikipita, anakuja fundi, anasoma diski zote, na tazama, ile ya Machi inasomeka vizuri kuliko ya Novemba. Kishawishi ni kuitumia ile nzuri. Lakini ile nzuri ina data za Machi, wenzake wana za Novemba, na pariti ikichanganya miezi miwili inatoa kitu ambacho hakikuwahi kuwapo mwezi wowote.

Kuigundua diski ya Machi kunahitaji subira kuliko akili. Kama diski zote zilikuwa hai hadi mwisho, ukizipigia XOR zote pamoja, nafasi kwa nafasi, jibu ni sifuri kila mahali, kwa sababu pariti inafuta kile ilichohesabiwa. Kama kuna iliyozeeka, utaona sifuri kwenye maeneo ambayo hayakuguswa tangu Machi, na takataka kwenye yaliyobadilika. XOR inakuambia kwamba kuna mwongo, haikuambii ni nani. Kumjua, tafuta tarehe za mwisho ndani ya kila nakala: mistari ya kumbukumbu za mfumo, barua pepe, rekodi za hifadhidata. Diski ambayo hakuna popote inapofika Aprili ndiyo yenyewe. Kwenye safu za Linux kazi ni nyepesi, maana kila kitambulisho kina kihesabu cha matukio, na aliyebaki nyuma anaonekana kwa namba. Ukishampata, mwache nje kabisa, uhesabu nafasi yake kutoka kwa waliobaki, na umrudie tu pale ambapo hakuna pengine pa kutoa sekta.

Mpangilio nao hutafutwa kwa kusoma. Fungua nakala ya diski moja kwa programu ya kuonyesha baiti, tafuta faili refu la maandishi, na faili bora ni kumbukumbu za mfumo kwa sababu kila mstari una saa. Unashuka, mistari inafuatana, halafu ghafla, kwenye nafasi inayogawanyika kamili kwa 65,536, mstari unakatika katikati: «Mar 14 09:2». Baada yake kuna kitu kingine kabisa. Umeshapata ukubwa wa kipande, KB 64. Nenda diski nyingine, nafasi ya mwanzo wa kipande cha mstari uleule wa safu: moja inaanza na picha, nyingine na orodha ya majina, na moja inaanza na «7:51 seva login». Sasa unajua nani anamfuata nani. Fanya hivyo kwenye mistari michache mfululizo na mzunguko wa pariti unajitokeza wenyewe.

Pariti pia ina sura yake. Rudi kwenye BAO. Herufi kubwa zote huanza na biti 010. Ukiunganisha tatu, pariti inaanza na 010 pia, na ndiyo maana ilitoka L, herufi kamili. Ukiunganisha nne, inaanza na 000, na skrini inaonyesha alama zisizosomeka. Kwa hiyo kwenye safu ya diski nne, pariti ya maandishi inafanana na maandishi ya mlevi; kwenye safu ya diski tano inafanana na kelele tupu. Jicho likizoea, unaitambua kabla programu haijamaliza kuhesabu.

Siku hizi zipo programu zinazojaribu mipangilio yote 3,840 zenyewe na kuleta jibu. Nazitumia. Lakini hukosea kwa ujasiri, hasa pale eneo kubwa la diski lilipokuwa tupu, kwa sababu sifuri zinapatana na kila mpangilio.

Kuna safu ambazo kusoma kwa macho hakuzigusi kabisa, na ninayoipenda ni DataVault ya Thinking Machines. Kampuni hiyo ya Cambridge, Massachusetts, ilitengeneza Connection Machine CM-2, iliyokuwa na vichakataji hadi 65,536, na kompyuta ya namna hiyo ilihitaji kulishwa kwa kasi. DataVault ilichukua neno la biti 32, ikaliongezea biti 7 za kurekebisha makosa, kisha ikatuma kila biti kwenye diski yake. Diski 39 zilifanya kazi kwa pamoja, nyingine 3 zikisubiri zamu. Ilibeba GB 5 na kutoa MB 40 kwa sekunde. Zile biti 7 zinafuata kanuni ya Richard Hamming wa Bell Labs, aliyoichapisha mwaka 1950, ambayo haitambui tu kuwa kuna biti iliyogeuka bali inaitaja ni ya ngapi.

Fikiria umepewa diski moja ya DataVault. Huna herufi hata moja. Una biti moja ya kila neno. Hata ukiwa nazo zote 39, mpangilio ungeutafutaje? Kwa takwimu. Maandishi ya Kiingereza kwenye kompyuta za wakati ule yana biti ya juu ya kila herufi sawa na sifuri, na neno la biti 32 lina herufi nne. Kwenye maeneo ya maandishi, diski nne kati ya 32 zitakuwa zimejaa sifuri tupu. Hizo ni nguzo nne. Zinazofuata kwa uadimu wa 1 zinasimama kando yake, na zile 7 za ziada zinapimwa kwa kanuni ya Hamming hadi makosa yaishe. Njia 120 za diski tano zinaonekana mchezo wa watoto mbele ya hizi.

Safu ikishapangika unapata diski moja kubwa ya kufikirika, na tatizo linalofuata ni lugha yake. Mashine za Sun na Silicon Graphics ziliandika namba kuanzia baiti kubwa. Zile za Intel huanza na ndogo. Mwaka 1998 kwa mtindo wa kwanza ni 07 CE. Mashine yako ya leo ikizisoma baiti hizo kwa mazoea yake inapata 52,743. Mfumo wa mafaili una namba za namna hiyo kwa maelfu, na moja tu ikisomwa kinyume faili linatafutwa mahali lisipokuwapo. Linux inafahamu mifumo mingi ya zamani: UFS ya Sun, EFS ya Silicon Graphics, HFS ya Macintosh. XFS, iliyozaliwa Silicon Graphics mwanzoni mwa miaka ya 1990, leo ni mfumo wa kawaida wa Linux, ingawa diski za matoleo ya awali kabisa hukataliwa. Mfumo wowote wa zamani ukikataliwa, njia iliyobaki ni kuifufua mashine yenyewe ndani ya programu: QEMU inaigiza SPARCstation, SIMH inaigiza VAX na PDP-11. Unaipa nakala, mfumo wa zamani unaamka ukidhani ni juzi, na unatoa mafaili kwa amri zilezile za mwenye mashine.

Kuna kitu ambacho hakuna hesabu itakayokirudisha. Kontrola nyingi zilipokea data, zikajibu «nimeandika», kumbe zimeziweka kwenye memori yenye betri zikisubiri nafasi. Umeme ukikatika, betri ilizilinda siku mbili tatu. Kilichokuwamo kimekwenda. Vivyo hivyo umeme ukikatika baada ya data kuandikwa na kabla ya pariti yake, mstari huo unabaki na pariti ya uongo, na hutaijua hadi siku utakapoitegemea.

Mwisho ni ukaguzi, na hapa ndipo wengi wanapewa kazi mbovu wakashukuru. Fundi anafungua barua tatu, zinasomeka, analipwa. Barua ya KB 20 inaingia nzima ndani ya kipande cha KB 64. Inaweza kufunguka hata kama diski zimepangwa ovyo, mradi orodha ya mafaili imeielekeza kwenye kipande sahihi. Faili dogo si shahidi. Dai mafaili makubwa kuliko mstari mzima, yaani zaidi ya KB 256 kwa safu ya diski tano. Bora kuliko yote ni ZIP, kwa sababu kila faili ndani yake limefungwa na namba ya ukaguzi, na programu yoyote ya kufungulia itakuambia kama imelingana. Picha kubwa pia zinasema kweli: kipande kikikosewa, picha inageuka takataka kuanzia mstari fulani kwenda chini. Na ukikuta mafaili ya zamani yote yanafunguka ilhali mapya yamechanika kwa mapengo ya KB 64, usimlaumu aliyenakili. Ile diski ya Machi imeingizwa kwenye safu. Itoe, uhesabu upya.